Nani Atamwogesha Mama?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo yanayowahusu mume na mke wakiwa wawili: uaminifu, matumizi ya pesa, malezi ya watoto. Leo ningependa tumzungumzie mtu wa tatu ambaye huingia katika ndoa karibu zote ingawa hakutajwa siku ya harusi. Mtu huyo ni mzazi aliyezeeka. Siku ile ya arusi yenu alipiga vigelegele na kufunikwa blanketi jipya mabegani. Miaka ishirini baadaye simu inalia usiku kutoka nyumbani: mama ameanguka akienda chooni, nyonga imevunjika, na daktari anasema kwamba akitoka hospitalini hataweza tena kuishi peke yake.

Asubuhi yake bwana na bibi wanaketi mezani, chai inapoa. Mume anajua anachotaka kusema. Mke naye anajua, na anangoja tu kuona kama ataulizwa au ataambiwa.

Majibu ya haraka huwa matatu. La kwanza: "Mke wangu yuko, atamwangalia." La pili: "Tutamtafutia msichana wa kazi akae naye huko nyumbani." La tatu, ambalo siku hizi linasikika sana mijini: "Kuna makao ya wazee, tutalipa." Kila moja la majibu haya laweza kuwa jema au baya, kulingana na hali ya watu. Lakini yote yana kasoro moja. Yule anayeyasema anatafuta mtu mwingine wa kuifanya kazi ambayo Mungu amempa yeye.

Amri ya nne tumezoea kuwafundisha watoto wa Komunyo ya kwanza, kana kwamba inawahusu wao peke yao: mtii baba, usimjibu mama vibaya. Lakini fikiri kidogo. Wale waliopewa amri hiyo pale mlimani Sinai walikuwa watu wazima, wenye wake, watoto na mifugo, na wazazi wazee waliokuwa wakitembea nao jangwani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2218, inalisema jambo hili wazi: watoto waliokwisha kuwa watu wazima wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao, kwa mali na kwa moyo, kadiri wawezavyo, katika uzee, ugonjwa na upweke. Soma pia Yoshua bin Sira sura ya 3, aya ya 12 hadi 16. Mtu huyo mwenye hekima alijua hata habari za mzee anayepoteza akili, akamwagiza mwana awe mpole kwake na asimdharau.

Bwana wetu mwenyewe alikasirika juu ya jambo hili. Katika Marko 7:9-13 anawakemea watu walioitangaza mali yao kuwa Korbani, yaani sadaka iliyowekwa kwa Mungu, ili wasiitumie kuwasaidia baba na mama. Tusidhani desturi hiyo ilikufa pamoja na Mafarisayo. Kuna bwana anayejulikana parokiani kwa kutoa katika kila harambee, jina lake likasomwa baada ya Misa, na mama yake huko nyumbani anakunywa chai ya mkandaa asubuhi na jioni. Kuna bibi ambaye hakosi chama hata Jumamosi moja, lakini hana nafasi ya kumpeleka baba yake kliniki ya macho. Sadaka ya namna hiyo Yesu aliikataa.

Je, nikisema hivi ninawahukumu wale wanaowapeleka wazee katika makao? La hasha. Hebu tukumbuke makao hayo yalianzaje. Mwaka 1839, katika mji mdogo wa Saint-Servan huko Ufaransa, mwanamke mmoja aitwaye Jeanne Jugan, aliyekuwa amefanya kazi ya utumishi wa nyumbani, alimkuta mama mzee kipofu aliyepooza, asiye na mtu wa kumtunza. Alimchukua akampeleka nyumbani kwake, akamlaza kitandani mwake, na yeye mwenyewe akaenda kulala darini. Kutoka kitanda hicho kimoja likaanza shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambao wana Nyumba ya Wazee hapa Nairobi. Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 alimtangaza Jeanne Jugan kuwa mtakatifu mwaka 2009.

Angalia mambo mawili hapo. Huduma yote hiyo ilianza nyumbani, katika chumba cha mtu maskini. Tena iliwekwa kwa ajili ya mzee asiye na mtu. Mkiwa ndugu watano wenye mishahara na mashamba, mkampeleka mama yenu pale, huenda mmekikalia kitanda cha mjane ambaye kweli hana mwana duniani. Yuko mzee ambaye ugonjwa wake unahitaji wauguzi usiku na mchana, na yuko ambaye watoto wake wamekufa wote au ni wagonjwa kuliko yeye. Hao ndio wenye nafasi hiyo, na watoto wanaowapeleka wasione haya. Ninaowataka leo ni wale ambao bado wana njia nyingine ila hawajaketi kuitafuta.

Sasa turudi pale mezani. Kitabu cha Mwanzo 2:24 kinasema mwanamume ataacha wazazi wake na kuambatana na mkewe. Wako wanaume wanaodhani aya hiyo iliandikwa kwa ajili ya Wazungu, na wako wake wanaodhani inamaanisha mama mkwe asikanyage kwao. Wote wamekosea. Kuacha ni kuanza kuamua mambo mkiwa wawili, na wala si kumtupa aliyekuzaa. Kwa hiyo mume anayekwenda kumchukua mama yake hospitalini na kumleta nyumbani akiwa na mfuko wa nguo, bila ya kusema neno na mkewe, amemvunjia heshima mke na mama pia. Mama huyo atahisi kwamba hatakiwi tangu usiku wa kwanza, na hatajua ni kwa nini.

Nimewasikia wahubiri wakimtumia Ruthu kama fimbo ya kuwachapia wakaza wana: "Ruthu alimfuata mama mkwe wake, na wewe je?" Lakini someni kitabu chenyewe. Naomi alimsihi Ruthu arudi kwao, tena zaidi ya mara moja. Ruthu alichagua mwenyewe. Hakuna aliyemwamuru, wala hakuna mume aliyekuwa ameketi sebuleni akisoma gazeti huku Ruthu akibeba ndoo za maji. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwana anayesema "tunamtunza mama kwetu" ajiulize ni lini mara ya mwisho yeye mwenyewe alipomlisha, au alipoamka saa nane za usiku kumpeleka haja.

Na wazazi wa mke je? Hapo ndipo wanaume wengi hunyamaza. Mungu aliposema waheshimu baba yako na mama yako hakuweka kifungu kwamba binti akiolewa amri imekwisha. Kama mshahara wa nyumba unanunua dawa ya presha ya mama mmoja, basi ununue na ya yule mwingine, na jambo hilo lizungumzwe waziwazi, pasiwe na kutumiana pesa za siri kwa simu. Katika mafundisho ya ndoa tunawauliza wachumba juu ya watoto, juu ya dini watakayowalea, hata juu ya madeni. Ni vizuri waulizwe pia: wazazi wenu wanne wakizeeka, mtawatunza wapi, na nani atafanya nini?

Kuhusu mahali, kosa la kawaida ni kumng'oa mzee. Watoto wenye mapenzi mema humpandisha mama basi wakamleta Nairobi, ghorofa ya nne, katika nyumba ya vyumba viwili. Watu wanakwenda kazini saa kumi na mbili asubuhi, watoto shuleni, mlango unafungwa. Mama aliyezoea kuwapa kuku mahindi na kusalimiana na wapita njia anabaki akiangalia televisheni ya lugha asiyoijua. Ngazi hawezi kuzishuka. Baada ya miezi mitatu anaomba arudishwe, nao wanasema hana shukrani! Wazee wengi wangependa kubaki penye kaburi la mzee wao, penye jumuiya ndogo ndogo waliyosali nayo miaka yote. Kama inawezekana, msaada na uende kwake badala ya yeye kuufuata msaada.

Ndugu wengine hugawana mama kwa zamu, mwezi huu kwa kifungua mimba, mwezi ujao kwa yule wa Nakuru. Kwa mzee mwenye nguvu hilo laweza kuwa jambo la furaha, ni kama matembezi. Lakini kwa mzee anayesahau ni mateso, maana kila mwezi anaamka asijue choo kiko wapi. Afadhali zamu iwe ya watoto: wao ndio wasafiri, yeye abaki kitandani pake.

Tena kuna mila zetu, na si vyema kujifanya hazipo. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya, mama hawezi kulala katika nyumba ya mkwe wake, na baba mkwe na mkaza mwana wana heshima ambayo haiwaruhusu hata kupeana mikono ovyo. Kumwambia mkaza mwana kama huyo amwogeshe baba mkwe ni kuwaaibisha wote wawili. Mzee atakataa kuoga, watu waseme ni mkaidi. Kumbe analinda heshima ya mke wa mwanawe! Njia zipo. Jengeni kijumba cha chumba kimoja na choo chake ndani ya boma, ambacho ni cha mzee mwenyewe, si chumba cha mwanawe. Baba aogeshwe na mwana wake wa kiume au mjukuu wa kiume, au mwanamume aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Mwanamume akisema mikono yake haijui kazi hiyo, atafundishwa kliniki kwa nusu saa.

Maana kutunza ni kazi ya mikono, na ina ujuzi wake. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi itaoza mgongoni, kwenye nyonga na visiginoni, na vidonda hivyo huua. Apewe chakula akiwa ameketishwa, asije akapaliwa. Apewe maji kidogo kidogo mchana kutwa, kwa sababu wazee wengi hawasikii kiu, na wengine hujinyima maji makusudi ili wasiwasumbue watu kwa safari za chooni. Choo cha shimo ni adui wa magoti ya mzee. Fundi wa kijijini anaweza kutengeneza kiti chenye tundu katikati kwa mbao chache, na kugongomea gongo ukutani la kushikilia. Ondoeni mikeka inayoteleza. Usiku wekeni taa ndogo na ndoo karibu na kitanda. Nyonga nyingi zinazovunjwa na giza zingeokolewa na tochi tu.

Lipo jambo moja linalonitia hofu kuliko yote hayo. Mzee akianza kusahau, kuuliza swali lile lile mara kumi, kutoka usiku na kuingia katika boma la jirani, huo ni ugonjwa wa ubongo. Si laana wala si uchawi. Watu wasipoelezwa hivyo mapema, wanajieleza wenyewe. Mwezi wa Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, kina mama wanne wazee waliuawa na umati wa watu kwa kusingiziwa uchawi. Huko Kilifi nako wazee wameuawa kwa visingizio hivyo hivyo, na mara nyingi nyuma ya kisingizio kuna shamba. Kwa hiyo ikiwa mama yako anatangatanga usiku, mpelekeni hospitalini, halafu zunguka kwa majirani mmoja mmoja ukawaambie kwa kinywa chako: mama ni mgonjwa, mkimwona usiku mrudisheni au nipigieni simu. Mwambie mzee wa mtaa. Waambie wanajumuiya. Ukiona aibu kulisema, unamwacha mama yako bila kinga.

Mara nyingi mtunzaji huwa ni mtu wa kuajiriwa, na hakuna dhambi kumwajiri. Lakini yule msichana wa miaka kumi na minane anayeachwa peke yake na mgonjwa wa kupooza, bila kufundishwa, bila siku ya kupumzika, kwa mshahara unaocheleweshwa, naye ni mtoto wa mtu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Yakobo katika sura ya 5 anasema ujira uliozuiliwa unalia mbele za Mungu. Mnamwachia mtu aliyechoka na mwenye uchungu mwili wa mama yenu, kisha mnashangaa mama ana alama za kufinywa?

Zaidi ya huyo, namkumbuka binti wa nyumbani asiyeolewa, au yule aliyeachika akarudi kwao. Huyo "kwa kuwa hana kazi" ndiye anayeachiwa mama. Ndugu zake huja Krismasi na mikate miwili na maonyo mengi. Miaka minane anaosha, anapika, anaamka usiku. Mama akifa, wiki mbili baada ya maziko anaulizwa ataondoka lini nyumbani kwa watu. Ndugu zangu, mtu huyo ameifanya kazi yenu. Mumlipe kila mwezi tangu mwanzo kama vile mngemlipa mgeni, na mwandike mbele ya mashahidi sehemu yake ni ipi mama akiwa bado hai.

Kuhusu pesa nitasema machache. Yule anayetuma fedha asidhani amemaliza, na yule anayetumika kwa mikono asidharau fedha. Awepo mtu mmoja wa kupokea michango na daftari la matumizi ambalo kila ndugu anaweza kulisoma. Mzee aliyefikisha miaka 70 aandikishwe katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, ambao ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini zinanunua sabuni na maziwa. Hakikisheni amesajiliwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, kabla ya siku ya ugonjwa. Hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inatambua haki ya wazee ya kutunzwa na jamaa zao na serikali. Tena niruhusuni niseme hili: tunajua kuchanga. Mzee akifa, kamati inaundwa usiku ule ule, hema zinakodishwa, basi, ng'ombe, jeneza lenye vioo. Kamati hiyo hiyo ingeundwa akiwa hai angepata godoro zuri na nepi za watu wazima kwa miaka mingi.

Parokia nayo isijitoe. Mzee asiyeweza kufika kanisani aletewe Komunyo, na watu wa nyumbani wasafishe meza na kuweka kitambaa, kwa maana Bwana anaingia. Mpako wa Wagonjwa si wa dakika ya kufa peke yake; Padre aitwe mapema, mzee akiwa bado anaweza kuitikia Amina. Jumuiya ikutane kwake mara kwa mara. Na kuna huduma moja ndogo ambayo karibu hakuna anayeifikiria: wanajumuiya wawili wakae na mgonjwa saa mbili kila Jumapili ili yule anayemtunza apate kwenda Misa. Nimewaona kina mama ambao hawajaingia kanisani miaka miwili kwa sababu ya mama mkwe kitandani, na wenzao wanasema wamepoa katika imani.

Pale msalabani, akiwa katika maumivu makali, Yesu alipanga ni nani atakayekaa na mama yake. Yohane 19:27 inatuambia kwamba tangu saa ile mwanafunzi yule alimchukua nyumbani kwake. Hakungoja kuzikwa kwanza ndipo mambo yajipange yenyewe.

Kwa hiyo jioni hii, watoto wakisha kulala, bwana na bibi zimeni televisheni, chukueni daftari. Andikeni majina ya wazazi wenu walio hai, wa pande zote mbili. Kisha, mkienda nyumbani safari ijayo, muulizeni kila mmoja wao wakati bado anaweza kujibu: Ukishindwa kujihudumia ungependa kulala wapi? Ni nani ungekubali akuogeshe, na nani hungekubali? Dawa zako ni zipi na kadi ya kliniki iko wapi? Ungependa Padre aitwe lini? Wengine watacheka, wengine watasema unawaombea mauti. Ngojeni kidogo, ulizeni tena jioni mkiota moto. Yaandikeni majibu kwa maneno yake mwenyewe, mkawasomee ndugu zenu wote, na daftari likae pale nyumbani mahali ambapo hata jirani akiitwa usiku anaweza kulipata.